Kokpiti ya nyumbani kwa anayerusha kwa VR: mjengee mkono kwanza

KitasaChekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila uzi wa simuleta (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta) ukifunguliwa humu linarudi swali lile lile: nianze kujenga kokpiti (chumba cha rubani) au ninunue miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha ndege pande zote? Halafu linafuata zito zaidi: nikiwa na vyote viwili itakuwaje, maana nikishavaa miwani sioni tena nilichokijenga? Hilo la pili ndilo nataka tulichambue, kwa sababu naona watu wanamwaga pesa na jasho kwenye vitu ambavyo VR inavifuta siku ya kwanza.

Msimamo wangu ni huu. Kwa anayerusha kwa VR, kokpiti ni kazi ya mkono na mguu. Jicho limeshahudumiwa na miwani. Paneli iliyopakwa rangi vizuri, maandishi yanayowaka, saa za mviringo (vipimo vya ndege) za kuchapisha, hayo yote hutayaona. Utakachopata ni mahali kitu kilipo, umbo lake, uzito wake na urefu wa mwendo wake. Vitu vinne hivyo vikikaa sawa, plaiwudi isiyopakwa hata koti moja la rangi itakupa hisia ya Cessna 172, ndege ndogo ya kujifunzia, kuliko paneli ya bei mbaya iliyowekwa sentimita kumi pembeni ya mahali pake.

Hili la umbo lina historia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za kivita za B-17 walikuwa wakishatua salama wanakunja magurudumu badala ya flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), ndege inalala tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis, aliyekuwa akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani, akaona kwamba swichi za flapu na za magurudumu zilikaa jirani na zilifanana. Suluhisho lake lilikuwa kubandika kitu chenye umbo la gurudumu kwenye swichi ya magurudumu na kitu chenye umbo la bawa kwenye ile ya flapu, ili mkono ujue wenyewe. Mpaka leo kanuni za Marekani za ndege za abiria zinaeleza vitasa hivyo viwe na maumbo gani. Sisi tuliovaa miwani tuko gizani kuliko rubani yeyote wa B-17, kwa hiyo somo hilo ni letu kabisa.

Nitumie 172S, toleo moja la Cessna hiyo, kama mfano kwa sababu ipo kwenye Microsoft Flight Simulator na kwenye X-Plane 12, na vidhibiti vyake ni vichache. Kaa kiti cha kushoto. Mkono wa kushoto uko kwenye yoki, yaani usukani. Wa kulia unafanya kazi nyingine zote: throto (kitasa cha nguvu ya injini) nyeusi ya kusukuma na kuvuta, kulia kwake kitasa chekundu cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, kulia zaidi mkono wa flapu wenye nafasi za 10, 20 na 30. Chini ya hapo kuna gurudumu la trimu (la kushikilia pua isipande wala kushuka), na sakafuni swichi ya kuchagua tangi. Kushoto, chini ya yoki, kuna ufunguo wa kuwashia, swichi kuu nyekundu iliyogawanyika mara mbili, na safu ya swichi za pampu ya mafuta na taa.

Jengeni kwa mpangilio huo huo na kwa umbali wa kweli. Throto iwe na kichwa cha mviringo kilicho laini. Kitasa cha mchanganyiko kiwe na mikunjo pembeni, na kwenye ndege halisi kina kitufe katikati: ukikibonyeza unasogeza haraka, ukikizungusha unasogeza kidogo kidogo. Si lazima uige kitufe hicho, lakini mikunjo usiiache. Ukivuta kitasa chekundu ukidhani umeshika throto, injini inazimika ukiwa fainali, yaani umeshanyooka kutua.

Kwenye umeme, ubao wa kuanzia (kompyuta ndogo ya kusoma swichi na vitasa) ni Arduino Pro Micro au Leonardo, zile zenye chipu ya ATmega32U4. Chipu hiyo inazungumza USB yenyewe, kompyuta inaiona kama joistiki bila ujanja wowote. Uno ya kawaida yenye ATmega328P haina uwezo huo, na ndiyo inayouzwa zaidi madukani, kwa hiyo angalieni kabla ya kulipa. Throto na mchanganyiko nimetumia potenshiometa za kuteleza (kinzani zinazobadilika ukisogeza) za kiloomu 10, aina ya B, yaani zinazopanda kwa mstari ulionyooka. Aina ya A ni za sauti za redio. Ukiweka hizo, nusu ya mwendo wa throto haitafanya kitu halafu nguvu itaruka ghafla. Waya za pembeni ziende volti 5 na graundi, ya katikati iende kwenye pini ya analogi. Ubao unasoma kuanzia 0 hadi 1023. Namba zikitetemeka bila kuguswa, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya waya wa katikati na graundi, zitatulia.

Kwa kitu kinachosogea muda wote, yaani yoki na pedali za kugeuza mkia kwa miguu, nashauri kihisi cha sumaku kama SS49E. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakichakai, na vumbi letu halikisumbui. Potenshiometa ya bei rahisi kwenye pedali huanza kuruka-ruka mapema.

Swichi zikizidi pini ulizo nazo, fungeni kwa gridi: safu 5 kwa 5 zinabeba swichi 25 kwa pini 10 tu. Kila swichi iwe na diodi yake ya 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, vinginevyo ukiwasha tatu kwa pamoja kompyuta inaweza kuona na ya nne ambayo hujaigusa.

Na sasa jambo ambalo sijaliona likielezwa kwa Kiswahili: namna ya kulinganisha kokpiti ya mbao na kokpiti ya ndani ya miwani. Chukua kidhibiti kimoja cha VR, kile cha mkononi, kilaze juu ya throto yako ya mbao. Vaa miwani, ingia kwenye ndege. Utakiona kidhibiti kikielea mahali fulani. Kama kiko nyuma ya throto ya kwenye simuleta, au juu, au pembeni, hapo ndipo ulipo umbali wa kurekebisha. Kwanza sogeza kiti cha ndani ya simuleta mpaka yoki ilingane na yoki yako. Kisha sogeza MBAO, usisogeze kichwa tena, mpaka throto ilingane, halafu flapu, halafu trimu. Ukimaliza funga skrubu, na chora alama sakafuni kiti kinapokaa. Amri ya kurudisha kichwa katikati iweke kwenye kitufe cha yoki, maana miwani husogea kidogo ukigeuka sana.

Siku mkono unapokwenda wenyewe kwenye flapu na kukuta flapu, huku macho yako yako nje yanatazama njia ya kurukia, utaelewa kwa nini nimekazania sentimita.

Karibuni tujadili. Wenye pedali za kutengeneza wenyewe nawasubiri hasa, hapo mimi nilipita njia fupi, nikanunua.

---

Njia23

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi niko kwenye hatua ya kukusanya pesa. Kompyuta yangu ni ya kawaida, kadi ya picha ni ya zamani. Naweza kuingia VR na hiyo? Na miwani ipi?

---

KitasaChekundu

Mkuu Njia23, nikushauri kama ndugu: usinunue miwani kabla ya kadi ya picha. VR inachora picha mbili kwa wakati mmoja, moja kila jicho, na haisamehi. Kwenye skrini, fremu 30 kwa sekunde unarusha vizuri tu. Kwenye miwani, fremu 30 zinazosuasua zitakulaza kitandani.

Kwa sasa pakua opentrack, ni ya bure, inatumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuata kichwa chako. Ukigeuka kidogo, picha kwenye skrini inageuka zaidi. Hutaona kina, lakini utaweza kuchungulia dirishani, na hilo peke yake linabadilisha kabisa namna ya kuzunguka uwanja. FlightGear nayo ni ya bure na ina Cessna 172. Jenga throto na pedali huku unasubiri, zitahamia kwenye VR bila kupoteza hata skrubu.

Kuhusu miwani: Quest 3 ya Meta inaonyesha pikseli 2064 kwa 2208 kila jicho, na lenzi zake zinaonyesha vizuri hadi pembeni, kwa hiyo unasoma saa kwa kutupa jicho tu. Quest 3S ni nafuu lakini ni 1832 kwa 1920 kama Quest 2, na lenzi za aina ya zamani; namba ndogo utazisogelea kichwa. Mtu akikuuzia HP Reverb G2 ya mtumba kwa bei ya kutupa, uliza kompyuta yako ina Windows gani. Ile ilitegemea Windows Mixed Reality, na Microsoft iliuondoa mfumo huo kwenye Windows 11 toleo la 24H2.

---

SkriniTatu

Nimesoma yote, na uzi ni mzuri, lakini nitapinga kidogo kwa heshima.

Mimi nina skrini tatu na redio ya kutengeneza. Arduino Mega, programu ya MobiFlight ya kuunganisha vifaa na simuleta, namba za LED zinazoendeshwa na chipu ya MAX7219, enkoda mbili (vitasa vinavyozunguka bila kikomo) zilizopandana kwa ajili ya GNS 430, redio na GPS ya ndege, ile ya nje inabadilisha megahezi na ya ndani kilohezi. Nikibadilisha masafa naona namba zikibadilika kwenye kifaa changu, zinawaka kama kwenye ndege. Nina chati ya karatasi gotini na penseli. Naandika ruhusa ya mwongoza ndege. Wewe ndani ya miwani unaandikia wapi?

Kwa anayependa kurusha kwa vyombo, mawinguni, mkaribio wa ILS (kushuka kwa kufuata mawimbi ya redio ya uwanja), mimi naona VR inamnyang'anya zaidi ya inavyompa. Ukiwa mawinguni nje ni weupe tu. Kina cha picha kinakusaidia nini?

Na kujenga kwenyewe ni raha. Kupaka rangi, kuchonga herufi, kuona taa zinawaka usiku. Tusiwaambie vijana kwamba hayo ni bure.

---

KitasaChekundu

SkriniTatu, hapo kwenye kurusha kwa vyombo nakubaliana nawe bila ubishi. Kwa ILS na chati, skrini zako zinashinda. Mashine ya kwanza ya maana ya kufundishia urubani ilikuwa hivyo hivyo: Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, New York, aliitengeneza mwaka 1929 kwa mivukuto ya vinanda. Ilipokuja kutumika jeshini mwanafunzi alifungiwa ndani, kifuniko kikateremshwa, akabaki na saa zake tu. Iliwafundisha marubani wengi sana kurusha bila kuona nje.

Uzi wangu ni kwa yule anayerusha kwa kutazama nje. Kutoka Dar kwenda Unguja ni kama kilomita 75, bahari chini, kisiwa kinajitokeza mbele. Huko ndiko miwani inakolipa.

Na enkoda zako zilizopandana zinafaa VR pia, kwa sababu mkono unajua duara la nje na la ndani. Namba za LED ndizo zitakazobaki bila mtazamaji. Raha ya kupaka rangi siipingi, nazungumzia mpangilio wa matumizi kwa mwenye pesa kidogo.

---

MwanafunziWilson

Salamu kutoka Nairobi. Ninajifunza urubani, hivyo niongeze nikiwa upande wa ndege halisi.

Kwanza, muda unaorusha nyumbani hauandikwi kwenye logibuku, daftari la rubani. Mamlaka hutambua vifaa vilivyothibitishwa tu. VR yenyewe haijakataliwa: Aprili 2021 mamlaka ya Ulaya, EASA, ilithibitisha kifaa cha kwanza cha mafunzo kinachotumia VR, cha helikopta ya Robinson R22, kutoka kampuni ya VRM Switzerland. Hapo rubani anakaa ndani ya kokpiti yenye vidhibiti vya kushika kabisa na mikono yake inafuatiliwa ili aione ndani ya miwani. Ni wazo lile lile la mleta uzi, ila wao wana bajeti.

Pili, faida niliyoiona mimi ni ya mzunguko wa uwanja. Unapokwenda sambamba na njia ya kurukia, unapunguza nguvu ukiwa usawa wa kichwa cha njia, unaweka flapu 10, halafu unatazama nyuma ya bega mpaka kichwa cha njia kiwe kama digrii 45 nyuma yako, ndipo ugeuke. Kwenye skrini hilo bega halipo. Kwenye miwani unageuza shingo kama ndani ya ndege. Vivyo hivyo kunyanyua pua kabla ya kugusa: kwa macho mawili unaiona ardhi ikipanda.

Tatu, onyo. Simuleta inafundisha macho kuganda kwenye saa. Mwalimu wangu aliniziba saa kwa karatasi mpaka nikaacha. Mkirusha nyumbani, lazimisheni macho yakae nje, saa mzitupie jicho tu.

Na kile kitasa chekundu msikidharau hasa nyinyi wa pwani, mliozoea kukiacha kimesukumwa hadi mwisho. Uwanja wa Wilson hapa Nairobi uko kama futi 5,500 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25 hewa inakuwa nyepesi zaidi, ndege inajiona iko karibu futi 8,000. Kitabu cha 172S kinasema kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 upunguze mafuta kabla ya kuruka, throto ikiwa imesukumwa yote, mpaka injini ifikie mizunguko yake ya juu kabisa. Jaribuni kwenye simuleta, kwanza bila kupunguza halafu kwa kupunguza, muone njia inavyoisha mapema.

---

Tumbo_Jepesi

Samahani wakuu, naomba msaada. Nina miwani tayari, lakini nikigeuza ndege mara mbili tatu natoka jasho na kichefuchefu. Nimeshataka kuiuza.

---

KitasaChekundu

Usiuze, ndugu. Kinachokuumiza ni macho kusema tunageuka wakati sikio la ndani linasema tumekaa.

Anza na fremu. Shusha mawingu, shusha magari barabarani, shusha ukubwa wa picha, mpaka zisimame imara. Ni heri picha hafifu inayotiririka kuliko nzuri inayogugumia. Kama miwani yako ni ya Quest, kuna namna ya kuifanya iende nusu ya kasi yake na kujaza fremu za katikati yenyewe. Wengine inawafaa, wengine inawaonyesha mabawa yanayotetemeka. Jaribu zote mbili.

Rekebisha umbali wa lenzi ulingane na umbali wa mboni zako. Usihamie kamera ya nje ya ndege ukiwa na miwani. Anza na kuruka moja kwa moja, hali ya hewa tulivu, asubuhi ya simuleta, mizunguko mipana. Dalili ya kwanza ikija, hata kama ni joto usoni tu, vua na upumzike siku hiyo. Ukilazimisha, mwili unajifunza kuichukia miwani yenyewe.

Na washa feni ikupulize usoni. Kwa joto la Dar lenzi zinafunga ukungu, feni inaondoa hilo, na upepo unaotoka upande mmoja unaupa mwili uhakika kwamba mbele ni wapi. Tangawizi nayo imewasaidia wengi.

---

PlaiwudiNusuInchi

Nimeitwa kwenye pedali, nimekuja. Mimi ni seremala, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Msingi ni plaiwudi ya milimita 18. Juu yake mti mmoja mlalo unaocheza katikati kama mizani: mguu wa kulia ukienda mbele wa kushoto unarudi. Mhimili wa katikati ni bolti ya milimita 8 ndani ya beringi mbili namba 608, zile za sketi, zina tundu la milimita 8 sawasawa. Weka moja juu na moja chini ya mti, siyo moja peke yake, la sivyo pedali zitayumba juu chini. Kihisi cha sumaku kaa nacho chini ya mhimili, sumaku ndogo imegundishwa kwenye kichwa cha bolti. Bolti igande na mti, izunguke nao.

Kurudisha katikati nimetumia mpira wa tyubu ya gari uliokatwa vipande, kila upande mmoja, imevutwa tayari hata pedali zikiwa katikati. Usipoivuta kuanzia mwanzo, katikati patakuwa na ulegevu. Kaza zaidi ya unavyodhani. Kwenye 172 pedali zimeunganishwa na gurudumu la pua kwa springi, kwa hiyo ndege ikiwa ardhini ni nzito kweli. Pedali nyepesi zinakufanya uchore nyoka kwenye njia ya kurukia.

Breki ni sehemu ya juu ya kila pedali, inakunjwa kwa vidole vya mguu. Bawaba ya mlango na springi ngumu nyuma yake, potenshiometa moja kila upande. Springi iwe ngumu kuliko ule mpira, la sivyo kila ukikanyaga usukani wa mkia utakuwa unafunga breki bila kujua.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka waumie: kiti. Kiti cha ofisi chenye magurudumu kinarudi nyuma ukikanyaga. Funga ubao kutoka msingi wa pedali mpaka kwenye kiti. Mimi nilichukua kiti cha gari kwa wauza vipuri vya mtumba, na vyuma vyake vya kuteleza nikavifunga kwenye ubao huo huo, kwa hiyo kiti, pedali na meza ya throto ni kitu kimoja. Hapo kile kipimo cha mleta uzi hakipotei hata ukihamisha chumba.

---

KitasaChekundu

Fundi, hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Hilo la kiti na pedali kuwa kitu kimoja linamaliza tatizo la alama za sakafuni nililoandika juu.

Swali moja: tyubu inalegea baada ya muda gani, na unaikaza vipi bila kufumua yote?

---

PlaiwudiNusuInchi

Inalegea polepole, hasa ikipigwa na jua la dirishani. Mwisho wa kila mpira nimeufunga kwenye bolti ndefu inayopita kwenye ubao, nyuma yake kuna nati ya kipepeo. Ikilegea nazungusha kwa vidole, upande huu na upande ule sawasawa, halafu nafungua ukurasa wa kupima joistiki kwenye Windows nihakikishe kile kialama kimerudi katikati. Ukikaza upande mmoja zaidi, ndege itavuta upande huo tangu unaondoka kwenye maegesho.

---

Njia23

Nimenakili kila kitu. Kesho nakwenda Kariakoo kutafuta Pro Micro na potenshiometa za B, jioni Gerezani kuulizia bolti na beringi. Fundi, mti wa mlalo una urefu gani?

---

PlaiwudiNusuInchi

Kaa kwenye kiti utakachotumia, nyoosha miguu kama unakanyaga, mtu akupimie kutoka katikati ya kiatu hadi katikati ya kiatu. Ongeza sentimita tano kila upande kwa ajili ya bawaba za breki. Usichukue kipimo changu, mimi ni mrefu.